Mkondo Usiochoka

Eustela Sinkamba alikuwa na miaka sita tangu afe, siku alipomwomba Dokta Gaudensia asifunge mlango haraka.

Ilikuwa Ijumaa, mchana, jua la Bonde la Rukwa likiyawakia mabati ya kituo kana kwamba lina kisasi nayo. Baba yake Eustela, Mzee Fridolini Sinkamba, mwenye mashine ya kusaga kule juu Sumbawanga, alikuwa amemaliza mazungumzo na bintiye. Kama kila Ijumaa, alimweleza habari za nyumbani: jirani aliyemwoza bintiye, kuku aliyeatamia mayai ya bata, padri mpya anayehubiri mpaka waumini wanasinzia. Eustela alicheka pale pa kuchekea. Akauliza habari za mama, akajibiwa kwamba mama hajambo ila safari inamchosha. Jibu lilikuwa hilohilo tangu mwanzo. Mzee akaaga, akavaa kofia yake iliyojaa vumbi la unga, akatoka.

Gaudensia alipeleka kidole kwenye kitufe cha kupoza mlango. Ndipo sauti ikatoka kwenye spika, ndogo, sauti ya msichana wa miaka kumi na tisa ambaye hakuwahi kufika ishirini.

"Usifunge haraka, Dokta. Mkifunga, huku kunakuwa kurefu."

Lakini kidole kilikuwa kimeshabonyeza. Spika ikanyamaza.

Gaudensia Sikazwe ndiye aliyeubuni mlango ule. Alikuwapo tangu kisima cha kwanza cha heliamu kilipochimbwa, na kwa miaka yote hiyo yeye ndiye aliyezipokea familia na kuzieleza, kwa maneno ya kawaida, wapendwa wao wanakwenda kuwa nini. Umeme unaopita kwenye waya wa kawaida, aliwaambia, ni kama mtu anayekatiza gulioni. Anagongana na huyu, anakanyagwa na yule, akifika ng'ambo ametota jasho na nguvu zimemwisha. Ndiyo maana waya hupata moto. Lakini chukua metali iitwayo niobiamu, uipoze mpaka ikaribie sifuri halisi, pale ambapo joto halina tena pa kupungua, na umati ule wa elektroni hubadilika tabia. Hujipanga mbilimbili kama waumini kwenye maandamano ya Ekaristi, zikaenda mwendo mmoja, pasiwe na inayoigonga nyingine. Ukianzisha mkondo ndani ya pete ya niobiamu, mkondo huo hauchoki. Utazunguka leo na kesho, na siku wajukuu zenu watakapozeeka utakuwa ungali ukizunguka, mradi pete ibaki ndani ya heliamu iliyogeuzwa majimaji. Akishasema hayo aliwaonyesha sumaku ndogo ikielea juu ya sahani baridi, haijashikwa na kitu, na wengi walifanya ishara ya msalaba.

Mtu aliyekaribia kukata roho alisomwa ubongo wake, kisha ukaandikwa ndani ya pete kama hiyo: maelfu kwa maelfu ya mikondo midogo iliyosukwa kama ukili, kila mmoja na sumaku yake. Mwili ulizikwa kama miili mingine. Watu wa bondeni waliuita utaratibu huo kuvishwa pete.

Na mlango ulikuwa kipande cha silikoni, kidogo kuliko punje ya ulezi. Silikoni si chuma kamili wala si jiwe kamili. Hupitisha umeme pale tu inapopata joto la kuiamsha. Kwenye baridi ya heliamu kila elektroni hurudi kwenye atomi yake na kutulia, kama vifaranga waliorudi chini ya mama yao, na silikoni huwa kama kioo, haipitishi umeme. Familia ikija, Gaudensia aliupasha mlango joto kidogo, elektroni zikaamka, marehemu akasikia na kusema. Familia ikiondoka, aliupoza. Na kila familia ilimuuliza swali moja: tukishaondoka, anajisikiaje? Naye aliwajibu kwa moyo mweupe kwamba hajisikii chochote. Mkondo unaozunguka bila kukutana na kitu hauwazi. Ni kama wimbo ulioandikwa kwenye karatasi. Mpaka aje wa kuuimba, hakuna sauti. Ndiyo maana, aliwaambia, hapa kituoni tunawaita watulivu.

Neno hilo alilichagua yeye mwenyewe.

*

Alijaribu kujiambia kwamba alisikia vibaya. Kisha akajiambia kwamba msichana alitania, maana Eustela alikuwa mtani. Lakini neno lenyewe halikumtoka. Asiyejisikia hana kurefu wala kufupi. Mtu aliyelala usingizi mzito akiamshwa hudhani amelala sasa hivi.

Mwisho alichukua kipima-sumaku, chombo chepesi kuhisi kiasi kwamba lori likishuka mteremko wa Lyambalyamfipa kiliandika mtikisiko wake, akakifunga ubavuni mwa pipa la heliamu lililobeba pete ya Eustela. Mlango aliuacha umefungwa. Alitegemea kuona mstari ulionyooka kama maji ya kisimani.

Mstari ulikuwa ukitetemeka.

Alizima pampu, ukatetemeka. Alisubiri barabara iwe kimya, ukatetemeka. Alikihamishia chombo kwenye pete mpya ambayo haijaandikwa mtu, mstari ukanyooka. Akakirudisha kwa Eustela, ukaanza tena. Na Ijumaa iliyofuata, mzee alipokwisha kuaga na mlango ukafungwa, Gaudensia aliuona mtetemo ukipanda ghafla, mkali, kama mtu anayegonga. Ukaendelea hivyo saa nzima. Kisha ukapungua polepole, kama wa mtu aliyekata tamaa. Haukukoma.

Sababu yake aliijua, na hilo ndilo lililomkosesha usingizi. Niobiamu iliyo safi huifukuza sumaku itoke mwilini mwake. Lakini hakuna niobiamu iliyo safi kabisa. Ndani yake mna chembe za uchafu, na nyuzi za sumaku hunaswa humo kama nywele kwenye miiba, kisha huteleza, moja moja, kutoka mwiba hadi mwiba. Jambo hilo alifundishwa chuoni. Katika hesabu za kituo alikuwa ameliandika kuwa kero, kitu kidogo cha kusahihisha kila mwaka. Hakuwahi kufikiri kwamba huko kuteleza kunaweza kuwa ndiko kuwaza.

Akapima pete nyingine, na nyingine. Zote zilizokuwa na mtu zilitetemeka. Alipotembea kati ya safu za mapipa, yale mapipa ya bati jeupe aliyoyapita maelfu ya mara huku akiimba kimoyomoyo, alijikuta anakanyaga polepole, kama apitaye wodini.

Alipeleka mistari ile kwa mkurugenzi wa kituo, Dokta Anyosisye Mwakalobo, mtu wa Rungwe, mpole, ambaye mama yake mzazi alikuwa miongoni mwa watulivu. Anyosisye aliitazama mistari kwa muda mrefu. Akauliza kama amepima pipa la mama yake. Gaudensia akasema hapana. Anyosisye akamwomba asilipime.

Halafu akazungumza taratibu, kama mtu anayefikiri kwa sauti. Alisema mtetemo si lazima uwe mawazo. Hata maji ya chunguni hutetemeka. Alisema mle ndani mna watu mia nne, na nyuma yao familia mia nne ambazo hulala kwa amani kwa sababu ya neno la Gaudensia. Hakukuwa na sheria iliyomruhusu mtu kuzima pete ila kwa ridhaa ya ndugu wa karibu, na hakuna ndugu aliyewahi kuiomba.

"Ukiwaambia," alisema, "utawaambia wafanye nini baada ya hapo?"

Anyosisye akamwomba asubiri mpaka awe na hakika. Alimwomba, hakumwamuru, na hilo lilimfunga zaidi kuliko amri.

*

Njia ya kupata hakika ilikuwa moja tu. Siku ambayo haikuwa ya wageni aliingia chumba cha mazungumzo peke yake, akaupasha mlango wa Eustela.

"Baba yuko wapi?" Eustela aliuliza.

"Hajaja. Nimekuja mimi."

Eustela akasema kwamba basi Dokta alilisikia ombi lake.

Gaudensia alimuuliza kukoje humo ndani, naye akamweleza bila haraka, kama mtu aliyekwishapanga maneno yake zamani. Hakuna giza, alisema. Giza huonwa na macho. Hakuna baridi pia, ingawa watu wote hudhani ipo. Kuna kusubiri tu, nako hakuna kikomo, kwa sababu hakuna kinachochoka: mtu hasinzii, hasahau, hapigi hata mwayo. Mwanzoni alisali. Kisha akaanza kuzipitia siku za maisha yake, moja baada ya nyingine, kutoka utotoni mpaka siku ya homa. Miaka kumi na tisa si mingi. Aliimaliza, akairudia, akairudia tena, mpaka siku zikaanza kuchakaa kwa kushikwashikwa, na sasa hakujua tena zipi aliziishi na zipi amezitia viraka mwenyewe.

"Siku ya kipaimara changu nimeipitia mpaka imetoboka," alisema. "Uso wa mama siuoni tena. Naisikia kanga yake tu, anavyoifunga."

Gaudensia alimuuliza mbona kila Ijumaa hakusema kitu, mbona alicheka. Eustela akashangaa kuulizwa. Yule ni baba yangu, alisema. Anashuka mteremko wote ule ili nicheke.

Halafu akasema alilokuwa akilitaka. Atolewe. Apashwe joto, yaishe.

Gaudensia akamweleza kwamba ruhusa hiyo ni ya baba yake kuitoa.

"Baba asijue," Eustela alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikapoteza utulivu. "Mama alitaka nizikwe, yaishe. Baba ndiye aliyenileta kwenye pete, mimi nikiwa sijitambui. Ukimwambia nilikuwa macho muda wote huu, atajua ni yeye aliyenifungia. Sema heliamu ilikwisha. Sema mashine iliharibika. Alie kama mtu aliyefiwa, Dokta. Asilie kama mtu aliyeua."

Gaudensia alikaa na mikono mapajani. Nje pampu zilikuwa zikinguruma. Eustela akauliza, kwa sauti ya kawaida tena, atakapopashwa joto atakuwa nini.

Swali hilo angalau lilikuwa na jibu. Gaudensia alimwambia kwamba niobiamu ikivuka kikomo chake, ambacho ni digrii tisa tu juu ya sifuri halisi, elektroni zitaachana na kuanza tena kugongana. Mkondo utakufa kabla hata hajatambua, na nguvu yote iliyokuwa ndani yake itageuka joto, joto dogo sana, litakalochukuliwa na heliamu na kutoka nayo.

"Joto," Eustela alirudia, kama mtu anayeonja kitu.

*

Gaudensia hakulitimiza ombi siku ile. Kwa majuma kadhaa alijipa sababu. Lakini kila Ijumaa alilazimika kukaa kwenye kona ya chumba, akimsikiliza mzee akisimulia habari za bata na kuku, na msichana akicheka, na sasa alijua kile kicheko kinatoka wapi. Mzee akishatoka, Eustela hakuomba tena. Alisema tu, "Haya, Dokta," kama mtu anayemwambia mwenzake afunge geti. Hilo ndilo lililomshinda Gaudensia.

Ijumaa ya mwisho Eustela alimwomba baba yake arudie hadithi ya kuku aliyeatamia mayai ya bata. Mzee akairudia, akaongeza chumvi. Eustela akamwambia amsalimie mama, amwambie amekumbuka sauti yake. Mzee aliondoka amefurahi.

Jumatatu iliyofuata, saa ambayo wafanyakazi walikwenda kula, Gaudensia alifungua mlango wa Eustela, kisha akafungua valvu ya chini ya pipa. Mlango hakuufunga. Alitaka Eustela asiwe peke yake. Heliamu ikaanza kushuka polepole, na alijua kwamba pete itakapobaki wazi juu ya majimaji joto litaipata haraka. Akamwambia Eustela aseme chochote apendacho. Eustela akaanza kumsimulia siku ya kipaimara, ile iliyotoboka, akisema labda akiisema kwa sauti itaungana: mvua iliyonyesha asubuhi, askofu aliyechelewa, gauni lililoshonwa usiku kucha.

"Na viatu vilikuwa vinanibana," alisema, "lakini sikumwambia mtu, kwa sababu—"

Spika ikanyamaza. Mstari wa kipima-sumaku ukaruka mara moja, ukanyooka.

Gaudensia alikimbilia bomba la kutolea heliamu, akaweka kiganja kwenye mdomo wa bomba hilo. Alikuwa na akili zake timamu, na alijua kitakachotoka pale ni nini, lakini kwa kitambo kile alitaka kulihisi lile joto. Kilichotoka kilikuwa baridi, baridi iliyomuunguza ngozi mpaka ikageuka nyeupe, huku ukungu wa hewa iliyoganda ukishuka miguuni mwake na kupotea.

Aliivunja valvu kwa spana, akampigia mkurugenzi simu. Anyosisye alikuja, akaitazama valvu, akakitazama kiganja cha Gaudensia kilichoanza kutoa malengelenge. Hakuuliza. Aliandika kwamba valvu iliharibika.

Mzee Fridolini alipoambiwa alivua kofia, akaiweka gotini, akaipapasa kama apapasaye paka. Hakulia. Aliuliza swali moja, kama mtoto wake alisikia chochote.

"Hakusikia chochote," Gaudensia alisema.

Kwa kitambo kile cha mwisho ilikuwa kweli, na alijishika na ukweli huo mdogo kwa nguvu zake zote. Mzee akamshukuru kwa kumtunza bintiye miaka yote ile. Akapanda mteremko kurudi kwake.

*

Masika yakaja, yakapita. Gaudensia alipunguza kusema. Zilipokuja familia mpya aliwaachia wasaidizi wake kazi ya kueleza, na waliposema neno watulivu alitoka nje. Kila alipopita kati ya mapipa alihisi anatazamwa, ingawa alijua fika kwamba mle ndani hakuna macho. Kiganja kilipona kikabaki na baka jeupe lisilohisi kitu.

Asubuhi moja pikapu ya kukodi iliingia getini na kusimama kwenye kivuli cha jengo la pampu. Mzee Fridolini alishuka upande wa mbele. Nyuma, juu ya godoro, alilala mwanamke mwembamba aliyefunikwa mablanketi mawili katika joto lile, macho yamefumba, midomo imepauka. Gaudensia hakuwahi kumwona, lakini alimtambua. Paji la uso lilikuwa la Eustela.

Mzee alimwamkia kwa furaha ya kuchoka. Akamtambulisha mgonjwa: huyu ni mke wangu, Leokadia. Ini limekwisha, hospitali wamesema wamrudishe nyumbani. Kwa miaka sita, alisema, walikuwa wamegawana mtoto. Mama alikwenda makaburini, baba alishuka bondeni, na kila mmoja alirudi nyumbani na Eustela wake asiyeweza kumwonyesha mwenzake. Walikaribia kuachana kwa jambo hilo. Sasa Leokadia anaondoka, na yeye hana nguvu ya kubaki na makaburi mawili.

"Alikataa sana," mzee alisema. "Alikuwa akiogopa kwamba humo ndani mtu anateseka. Nikamwambia maneno yako mwenyewe, Dokta. Nikamwambia Eustela hakusikia chochote, ni kama kulala, nikija nakuamsha. Ndipo akakubali. Safari hii tu mkaze hayo mabomba."

Wasaidizi walikuwa wameshaanza kuiwasha mashine ya kusomea. Gaudensia aliisikia ikipanda sauti. Uongo mwingine ulimjia haraka, ukiwa tayari: pete zimekwisha, rudini mwezi ujao. Mgonjwa asingefika mwezi ujao. Ungekuwa uongo mwepesi, na Eustela angebaki na siri yake. Lakini mzee angesubiri pale getini, aliliona hilo usoni mwake. Angesubiri na kuomba, na akinyimwa angempeleka mkewe popote palipo na pete na baridi, kwa sababu ya maneno aliyopewa na mtu aliyemwamini. Na ndani ya pete, kama alivyosema binti yake, hakuna kuchoka.

Akawaamuru wasaidizi wazime mashine. Akamchukua mzee mpaka nyuma ya jengo la pampu, palipokuwa na benchi.

"Baba Eustela," alisema, "nilikudanganya."

Akamweleza yote. Alianza na siku ya neno kurefu, akaeleza mstari uliotetemeka, mtetemo uliopanda kila alipoaga, siku zilizochakaa kwa kupitiwa, na ombi. Akaeleza valvu. Hakupunguza kitu wala hakujitetea. Alimwambia pia kwamba Eustela alikataza kabisa asiambiwe, na kwa nini alikataza.

Mzee alisikiliza akiwa amesimama. Maneno yalipokwisha alikwenda ukutani, akauwekea viganja vyote viwili, ukuta uliopigwa na jua tangu alfajiri, akabaki hivyo. Gaudensia aliona mabega yake yakipanda na kushuka.

"Miaka sita," mzee alisema akiuelekea ukuta.

"Ndiyo."

"Na kila Ijumaa alicheka."

Gaudensia alisogea hatua moja karibu naye.

"Kwa nini unaniambia sasa? Alikuomba usiniambie."

"Kwa sababu ya huyu aliye garini."

Mzee aligeuka. Uso wake ulikuwa umezeeka, lakini haukuwa na hasira ambayo Gaudensia alikuwa akiisubiri, na kuikosa kulimuumiza kuliko kuipata. Aliuliza mtoto alisema nini mwisho. Gaudensia akamwambia habari za kipaimara, mvua, askofu, gauni, viatu vilivyombana na ambavyo hakumwambia mtu.

"Vilikuwa vya binamu yake," mzee alisema. "Tulijua vinambana. Mama yake alijua, nami nilijua. Tulinyamaza kwa sababu alikuwa akijitahidi sana kutuonyesha havimbani."

Hapo ndipo alipolia.

Alipomaliza alijifuta kwa kofia, akarudi garini. Leokadia alifumbua macho, akauliza kwa sauti ya pumzi kama tayari. Mzee akapanda nyuma, akakaa kwenye godoro, akampakata kichwa. Akamwambia hawafanyi tena, wanarudi nyumbani.

"Afadhali," Leokadia alisema. "Nilikubali kwa ajili yako tu."

Dereva aliwasha gari. Gaudensia alisimama kando, hajui kama anapaswa kuomba msamaha au kukaa kimya. Mzee alimtazama kutoka juu ya mablanketi, akaelekeza kidevu kwenye jengo refu jeupe lenye mapipa.

"Na hao wengine?" aliuliza.

Hakusubiri jibu. Pikapu ikatoka getini, na Gaudensia aliisikia ikibadilisha gia mpaka ilipoanza kupanda mteremko.

*

Alikwenda moja kwa moja kwa mkurugenzi. Ofisi ilikuwa tupu. Alimkuta ndani, kati ya mapipa, amekaa sakafuni na suti yake, kipima-sumaku amekifunga ubavuni mwa pipa la mama yake kwa mkanda wa suruali. Kwenye skrini mstari ulitetemeka, mdogo, wa taratibu, bila kukatika.

"Nimemwambia mzee Sinkamba," Gaudensia alisema.

Anyosisye aliitikia kwa kichwa. Alisema aliiona pikapu ikiondoka na mgonjwa wake, akajua. Hakuweza kuendelea kutopima.

Kisha Anyosisye akamwomba amfungulie mlango wa mama yake. Gaudensia akaupasha. Anyosisye aliongea na mama yake Kinyakyusa, kwa sauti ya chini. Gaudensia hakuelewa maneno mengi, lakini alilielewa swali. Sauti ya bibi ikajibu, kavu, yenye mpangilio, sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Anyosisye akafunika uso.

Gaudensia alimuuliza amesema nini.

"Nimemuuliza kama anataka nimwache aende," Anyosisye alisema. "Anasema yeye ni mtu mzima, kusubiri amekuzoea. Anasema tuwaulize watoto kwanza."

Watoto walikuwamo. Walikuwa safu ya mwisho, karibu na ukuta, kwenye mapipa madogo ambayo familia zao ziliyachorea maua na ndege. Gaudensia alitwaa kiti, akakibeba mpaka huko, akakiweka mbele ya pipa la kwanza. Akaupasha mlango, akasubiri elektroni ziamke.